Maji ya Beseni Pale Ikweta: Dunia Huzunguka Kweli, Lakini Kijiti Huzungushwa na Nani?

Ikweta inaikata barabara ya Kisumu kwenda Busia pale Maseno, inaikata ile ya Nakuru kwenda Marigat karibu na Mogotio, na inaikata ya Nakuru kwenda Eldoret kabla msafiri hajafika Timboroa. Kwa wakazi wengi wa pande hizi mstari huo ni jambo la kawaida kabisa. Wapo wanaouvuka asubuhi wakienda kazini na kuuvuka tena jioni bila hata kuukumbuka. Anayeukumbuka ni mgeni, na kwa ajili ya mgeni limezuka onyesho moja ambalo sasa limezoeleka katika vituo vya ikweta vya Kenya na Uganda, hasa kule Nanyuki. Mwonyeshaji huchukua beseni lenye tundu dogo kwenye kitako, huliziba tundu kwa kidole, hulijaza maji, huelekeza macho ya watu kwenye kijiti cha kiberiti kinachoelea, kisha huondoa kidole. Akiwa hatua chache kaskazini mwa mstari, kijiti huzunguka upande mmoja. Akivuka na kusimama hatua chache kusini, huzunguka upande wa pili. Akisimama juu ya mstari wenyewe, maji hushuka wima na kijiti hutulia. Wageni huambiwa kwamba wameona kani ya Coriolis, yaani ile inayopindisha vitu viendavyo kwa sababu Dunia inajizungusha, kwa macho yao, hupiga makofi, na wengi hununua cheti.

Onyesho hili linastahili kuchambuliwa kwa makini kwa sababu si uongo mtupu. Dunia inajizungusha, kani ya Coriolis ipo, kaskazini na kusini hutofautiana kwa upande, na pale ikweta athari yake hupotea. Yote hayo ni kweli, na mwanafunzi wa jiografia anaweza kuyaandika katika mtihani akapata alama zake. Kilicho kigumu ni kwamba ukweli wote huo hauhusiki kabisa na maji ya lile beseni. Ili kuona ni kwa nini, itabidi tupime mambo badala ya kuyataja tu, kisha tuulize imekuwaje watu wenye akili timamu, baadhi yao wakiwa wahandisi na walimu, wakaondoka wameridhika.

Wima na ulalo

Dunia hukamilisha mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56. Kwa kuwa mzingo wake kwenye ikweta ni kilomita 40,075, mtu aliyesimama Maseno huchukuliwa kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, ilhali mwenzake aliye Oslo, karibu na nyuzi 60 kaskazini, huchukuliwa kwa nusu ya kasi hiyo. Hewa inayoondoka ikweta kwenda kaskazini husafiri ikiwa bado na ile kasi kubwa ya kuelekea mashariki, huifikia ardhi iendayo polepole kuliko yenyewe, na huonekana kupinda kuume. Ikienda kusini hupinda kushoto. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliandika hesabu za kupinda huku mwaka 1835, ingawa yeye hakuwa akishughulikia upepo wala bahari, bali mitambo inayozunguka, kama vile magurudumu ya maji.

Kwa maji yaliyomo ndani ya chombo, hata hivyo, swali halihusu kasi ya kwenda mashariki. Swali ni kama sakafu iliyo chini ya chombo inajigeuza papo hapo, na kwa kasi gani. Mtu aliyesimama kwenye Ncha ya Kaskazini hugeuzwa kama pia ya watoto, mara moja kwa siku, ilhali hakuondoa unyayo. Mtu aliye ikweta hachezeshwi hivyo. Yeye huchukuliwa kuzunguka mhimili wa Dunia akiwa amelala ubavu, tuseme, kwa kulinganisha na mhimili huo. Siku nzima hupinduliwa kichwa mbele, lakini ardhi iliyo chini ya miguu yake haimgeuzi hata kidogo kushoto wala kulia. Katikati ya hali hizo mbili, kiasi cha kugeuzwa huongezeka kadiri mtu anavyosogea mbali na ikweta.

Jambo hili lilithibitishwa mbele ya umma wa Paris mwaka 1851. Léon Foucault alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 katika jengo la Panthéon na kuliacha liende na kurudi. Kadiri saa zilivyopita, mstari wa mwendo wa tufe ulionekana kujigeuza polepole juu ya sakafu, wakati kwa hakika sakafu ndiyo iliyokuwa ikigeuka chini yake. Katika latitudo ya Paris, kugeuka huko hukamilika kwa karibu saa 32. Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa ajili ya Nakuru, mji ulio takriban kilomita 33 kusini mwa ikweta, jibu ni siku 190 hivi. Kisumu iko kilomita 11 tu kusini mwa mstari, kwa hiyo tufe la Foucault likining'inizwa huko lingehitaji zaidi ya mwaka mmoja na nusu kumaliza duara. Na mahali aliposimama mwonyeshaji wetu, tuseme mita 20 kutoka kwenye mstari, duara moja lingechukua miaka 870 au karibu na hapo.

Msomaji na akae kidogo na takwimu hiyo ya mwisho. Beseni humaliza maji yake kwa dakika moja au mbili. Hakuna kijiti cha kiberiti kinachoweza kuonyesha, katika dakika mbili, mgeuko ambao ungehitaji karne nane na zaidi kukamilika. Isitoshe, mstari wenyewe haujatulia kiasi cha kuruhusu hesabu za hatua kumi huku na hatua kumi kule, kwa kuwa ncha za mhimili wa Dunia hutangatanga juu ya ardhi kwa mita chache, katika mwendo wenye kipindi cha takriban siku 433 ambao Mmarekani Seth Chandler aliutangaza mwaka 1891, na ikweta ya kweli husogea pamoja nazo. Rangi iliyopakwa kwenye lami haisogei.

Walioisubiri Dunia saa 24

Kuna wakati mmoja ambapo maji ya chombo yalikubali kuitii Dunia. Mwaka 1962 Ascher Shapiro, profesa wa uhandisi katika chuo cha MIT karibu na Boston, alitumia tangi la mviringo lenye upana wa takriban mita 1.8 na kina cha maji cha sentimita 15. Katika latitudo ile, maji yatembeayo sentimita 1 kwa sekunde husukumwa pembeni na kani iliyo takriban sehemu moja kwa milioni 10 ya uzito wake, kwa hiyo Shapiro alijua kwamba adui wake mkuu ni kila kitu kingine: mkondo ulioachwa na bomba, upepo wa chumbani, tofauti ya joto kati ya upande mmoja wa tangi na mwingine, mtikisiko wa kizibo. Alilijaza tangi kwa makusudi huku maji yakizunguka kwa kufuata mishale ya saa, akalifunika kwa karatasi ya plastiki, akadhibiti joto la chumba, akayaacha maji yatulie kwa saa 24. Kizibo kilikuwa kwenye mwisho wa mpira mrefu uliotoka chini ya tangi, ili kukiondoa kusiyaguse maji ya juu.

Tundu lilikuwa dogo, na tangi lilihitaji dakika 20 hivi kumwagika. Kwa dakika 12 za kwanza na zaidi, kijiti cha msalaba kilichoelea juu ya tundu hakikuonyesha chochote. Kisha kikaanza kugeuka kinyume cha mishale ya saa, kama nadharia inavyodai kwa kaskazini, na kikaongeza kasi hadi mzunguko mmoja kwa sekunde tatu au nne. Aliporudia baada ya kuyatuliza maji kwa saa moja au mbili tu, kijiti kilifuata upande ambao tangi lilijaziwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1965, watafiti wa Sydney walichapisha jaribio kama lile kutoka upande wa pili wa Dunia, na wao wakapata mzunguko wa kufuata mishale ya saa.

Binafsi naliona jaribio la Shapiro kuwa la kusisimua kuliko onyesho lolote la barabarani, na pengine ndiyo sababu haliwezi kamwe kuonyeshwa barabarani. Nani atalipa pesa yake asubiri kutwa kucha, kisha atazame kijiti kisichotikisika kwa robo saa? Na tukumbuke kwamba hayo yaliwezekana Boston, ambako sakafu hujigeuza duara zima kwa saa 36 hivi. Tangi lilelile likiletwa Maseno lingebaki na maji yasiyojua pa kwenda.

Mkono wa fundi

Kinachozungusha maji ya beseni, basi, ni mkono. Maji yakimiminwa kwa kuegemea ukingo mmoja, hubaki na mzunguko mdogo usioonekana. Mwonyeshaji akigeuka na beseni mikononi ili awatazame wageni, akigeukia kushoto upande huu wa mstari na kuume upande ule, chombo huyagusa maji na kuyapa mzunguko wa upande huo. Kisha tundu hufanya kazi ya kukuza. Maji yaliyokuwa pembeni husogea katikati, na chochote kinachozunguka kikisogea karibu na kitovu huongeza kasi. Maji yakifika mahali palipo karibu mara 10 zaidi na kitovu, hujizungusha kwa wepesi wa mara 100. Hivyo ndivyo mguso mdogo, ambao hakuna jicho lililouona, unavyogeuka kuwa mzunguko ambao mtoto aliye nyuma ya umati anaweza kuuona. Pale juu ya mstari, fundi humimina maji kwa utulivu, hukaa kidogo, hajigeuzi, na maji hushuka yalivyo.

Huu ni ufundi, na sioni haja ya kuwabeza wanaoutumia kujipatia riziki. Hata hivyo una alama moja inayousaliti: wakati mwingine upande ambao kijiti huzunguka kaskazini huwa ni ule ambao nadharia huupa kusini. Mgeni hana habari, kwa kuwa alichoahidiwa ni tofauti kati ya pande mbili, na tofauti ameiona.

Mahali ambapo mzunguko wa Dunia hufanya kazi

Kanuni ya jumla ni rahisi kuieleza: mzunguko wa sayari huhesabika pale tu ambapo jambo linachukua muda mrefu ukilinganisha na siku ya sayari hiyo, na hutokea kwenye eneo kubwa, mbali na ikweta. Kimbunga hutimiza masharti yote matatu. Hewa hukimbilia mahali penye mgandamizo mdogo, hupindishwa njiani, na badala ya kuingia moja kwa moja huishia kukizunguka kitovu kwa siku kadhaa. Idai, kilichoipiga Beira nchini Msumbiji mwezi Machi 2019, kilizunguka kwa kufuata mishale ya saa kama vimbunga vyote vya kusini. Ndani ya nyuzi tano hivi za ikweta, vimbunga ni nadra mno kuzaliwa, na wanasayansi bado humtaja Vamei, kilichozuka karibu na Singapore mwezi Desemba 2001 kwenye nyuzi 1.4 tu kaskazini, kama mtoto wa ajabu. Wakenya wanaolalamikia mvua na mafuriko yao wana haki kabisa, lakini hili la kimbunga kuzaliwa juu ya Maseno hawana haja ya kulihofia.

Ziwa Victoria ndilo darasa zuri zaidi la jambo hili, na liko mlangoni mwa Kisumu. Lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na limelalia ikweta yenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kuelekea Kisumu, Nandi na Kericho, ukibeba unyevu ambao alasiri hugeuka mvua na mara nyingine mvua ya mawe. Mashamba ya chai ya Kericho hutajwa na wataalamu wa hali ya hewa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na pepo za kutoka pande zote hushuka na kukutana juu ya maji, ambako dhoruba na radi huzuka kati ya usiku wa manane na alfajiri, wakati ule ule ambapo wavuvi wa omena wako kazini na taa zao. Ulaya upepo mkubwa huzunguka kando ya eneo la mgandamizo mdogo kana kwamba umekatazwa kuingia. Huku kwetu upepo wa ziwani hutoka palipo na mgandamizo mkubwa ukaenda palipo na mdogo kwa njia iliyonyooka, kwa kuwa mkono wa Dunia unaoupinda huwa dhaifu kupita kiasi. Kwa maneno mengine, mkazi wa Dunga au wa Usenge, kando ya ziwa, huihisi ikweta usoni kila siku, bila beseni.

Athari nyingine ya kweli ni uzito. Mwaka 1672 Jean Richer alisafiri kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na nyuzi tano kaskazini, na akagundua kwamba saa yake ya tufe la kuning'inia ilichelewa karibu dakika mbili na nusu kila siku hadi alipoufupisha ufito wake. Mvutano ulikuwa umepungua. Isaac Newton aliitumia habari hiyo katika kazi yake ya 1687 kuonyesha kwamba Dunia imevimba kiunoni, na leo tunajua kwamba kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 21 zaidi kuliko hadi kwenye ncha. Mtu wa kilo 70 akipimwa kwa mizani ya springi Maseno, mizani ingesoma zaidi ya gramu 350 pungufu kuliko kama angepimwa Ncha ya Kaskazini kwa mizani hiyohiyo. Tofauti hiyo inapimika, haihitaji fundi, na haimvutii mtalii hata kidogo. Wahandisi wa roketi ndio walioithamini ikweta zaidi, kwa sababu ya ile kasi ya bure ya kwenda mashariki. Karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza iliyotengewa kuchunguza miale ya eksirei ya angani, nayo ikapewa jina Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba tangu ijitawale.

Sayari nyingine huonyesha kanuni hiyo kwa ukubwa zaidi. Mshtarii hujizungusha kwa saa zisizofika 10, na matokeo yake ni mikanda ya mawingu inayoizunguka sayari nzima, doa jekundu la dhoruba lililo pana kuliko Dunia, na kiuno kilichovimba kwa zaidi ya kilomita 4,600 kikilinganishwa na ncha. Zuhura huhitaji siku 243 kwa mzunguko mmoja. Kani ya Coriolis huko ni hafifu, na mawingu yake ya juu huizunguka sayari kwa siku nne hivi kwa sababu nyingine.

Kwa nini akili hukubali

Linabaki swali la umati. Mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil wa chuo kikuu cha Yale waliwauliza watu ni kwa kiasi gani wanaelewa vitu vya kila siku vinavyofanya kazi: zipu, kufuli, cherehani, choo cha kuvuta maji. Watu walijipa alama nzuri. Kisha waliombwa waandike hatua kwa hatua jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi, na baada ya kuandika wakajipa alama tena, safari hii za chini. Kumbe walikuwa wamechanganya kukijua kitu na kuweza kukieleza. Maneno "mzunguko wa Dunia" hufanya kazi ileile pale barabarani. Yanajulikana, yana heshima, yametoka darasani, na mtu akiyasikia huhisi kwamba maelezo yamekamilika, ilhali kiungo kati ya sayari na kijiti hakijatajwa na yeyote. Mwombe mgeni aeleze jinsi sayari inavyolifikia beseni na utaona akisita kwenye sentensi ya pili.

Macho nayo yana mipaka yake. Daniel Simons na Christopher Chabris, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, waliwaonyesha watu filamu fupi ya wachezaji wakirushiana mpira na kuwataka wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la gorila alipita, na karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Anayehesabu mizunguko ya kijiti haoni nyayo za mwonyeshaji. Na huyo mwonyeshaji, kwa hekima ya kazi yake, ndiye aliyesema tangu mwanzo, "Tazameni kijiti."

Kuna tabia nyingine iliyo ya ndani zaidi. Mwaka 1960 Peter Wason aliwapa wanafunzi 29 wa London namba tatu, 2, 4, 6, akawaambia kwamba zinafuata kanuni fulani, nao waitafute kwa kubuni namba tatu nyingine na kuuliza kama zinafaa. Wengi walidhani kanuni ni namba shufwa zinazoongezeka kwa mbili, wakajaribu 8, 10, 12, wakajaribu 20, 22, 24, wakaambiwa kila mara kwamba zinafaa, wakatangaza jibu na kukosea. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Ni sita tu waliolitoa jibu sahihi bila kutangaza kwanza lisilo sahihi, na walichofanya tofauti ni kujaribu pia mifano ambayo ingeweza kuliangusha wazo lao. Onyesho la ikweta lina majaribio matatu, yote ya aina ya 8, 10, 12. Hakuna anayeomba lirudiwe kaskazini kwa kumimina maji kutoka ukingo wa pili.

Wala mgeni hayuko peke yake. Solomon Asch, katika majaribio aliyoyachapisha kuanzia mwaka 1951, aliwaketisha watu pamoja na kundi la wasaidizi wake waliokubaliana kwa siri kutoa jibu lisilo sahihi kuhusu urefu wa mistari, jambo ambalo mtu akiwa peke yake hukosea mara chache sana. Zaidi ya theluthi moja ya majibu ya wahusika halisi yalilifuata kundi. Jaribio hili hupenda kusimuliwa upande mmoja, kana kwamba binadamu wote ni kondoo. Robo hivi ya wahusika hawakulifuata kundi hata mara moja, na akitokea mtu mmoja tu wa kupinga, nguvu ya kundi hupungua sana. Pale ikweta, makofi ya basi zima ni ushahidi wa aina yake, na anayenyamaza huonekana mtu wa kuharibu starehe ya wenzake.

Hatimaye huja kurudiarudia. Utafiti wa Wamarekani Hasher, Goldstein na Toppino wa mwaka 1977 ulionyesha kwamba kauli ambazo watu wamekwisha kuzisikia huonekana za kweli zaidi wanapozisikia tena, ziwe za kweli au la. Habari ya maji ya beseni mtu ameisikia shuleni, akaisikia kwa shangazi aliyetoka safari, akaiona kwenye simu, kisha akasimama barabarani kuithibitisha.

Tahadhari moja inafaa hapa. Tafiti nyingi kati ya hizi zilifanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Uingereza. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walionya kwamba asilimia 96 ya watu waliotumika katika tafiti zilizochapishwa na majarida makubwa ya saikolojia walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Kuhusu jaribio la Asch angalau tuna ulinganisho mpana zaidi: mwaka 1996 Rod Bond na Peter Smith walikusanya tafiti 133 kutoka nchi 17, wakaona kwamba mtu kulifuata kundi hubadilika kulingana na jamii, nako huwa kwingi zaidi pale ambapo jamaa na jirani huwekwa mbele ya mtu binafsi. Mwalimu wa Maseno mwenye darasa la wanafunzi arobaini, beseni na ndoo ana kila kinachohitajika kulichunguza jambo hili kwa watu wake mwenyewe.

Sehemu ya beseni haina gharama. Weka chombo chenye tundu katikati juu ya meza isiyotikisika, kijaze, kifunike, kiache hadi kesho yake, kisha fungua tundu kutoka chini pasipo kuyagusa maji, na urudie mara nyingi upande wa kaskazini na upande wa kusini wa mstari. Kinachotarajiwa ni kwamba upande wa mzunguko, ukijitokeza, utaamuliwa na kasoro za chombo na za kujaza, wala hautabadilika kwa sababu ya kuvuka barabara. Kwa mgeni asiye na muda wa kungoja hadi kesho, lipo ombi fupi zaidi la kumpelekea mwonyeshaji, kwa heshima na baada ya kumlipa: asimame kusini, ayazungushe maji kwa upande wa kaskazini. Fundi hodari ataweza.